Nani Ashike Mwendo? Sampla, Saa ya MIDI na Ngoma za Lwakhakha

Miongozo mingi ya sampla huanza na agizo moja: chagua mashine itakayoongoza mwendo, kisha zilizobaki zote zifuate. Prodyuza anayetengeneza biti peke yake chumbani, awe Nairobi au Kitale, hana sababu ya kulipinga. Kompyuta inaongoza, sampla inafuata, kazi inakwenda. Lakini sampla hiyo ikipelekwa Lwakhakha, mji wa mpakani uliogawanywa na mto, upande mmoja kaunti ya Bungoma na upande wa pili Uganda, inakuta mwendo umeshashikwa na watu. Wabukusu wa huku na Wamasaba wa kule ni ndugu kwa asili na kwa lugha. Wote hutahiri vijana wao katika miaka ya namba shufwa, msimu ukianza Agosti, na msimu huo una vyombo vyake: chinyimba za chuma anazozigonga kijana mwenyewe upande wa Wabukusu, ngoma za kadodi upande wa Wamasaba. Nje ya msimu kuna vyombo vya nyuzi, litungu na siilili. Kabla ya kuuliza waya gani uingie tundu gani, anayetaka kuunganisha sampla na vyombo hivi lazima aamue nani awe saa. Ninachokitetea hapa ni kwamba ngoma iwe saa na mashine ifuate, na kwamba mfumo wa MIDI wenyewe unaliruhusu jambo hilo kuliko mazoea yetu yanavyoliruhusu.

Mfumo huo ulizaliwa kutokana na kero ya watengenezaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kila kampuni ilikuwa na njia yake ya kuunganisha vyombo. Mashine ya ngoma ya Roland TR-808, iliyotoka mwaka 1980, ilikuwa na tundu la mwendo ambalo vyombo vya kampuni nyingine havikulielewa sawasawa. Ikutaro Kakehashi wa Roland na Dave Smith wa Sequential Circuits ndio waliosukuma wazo la lugha moja kwa wote. Januari 1983, katika maonyesho ya NAMM huko California, kinanda cha Smith, Prophet-600, kiliunganishwa na Jupiter-6 ya Roland vikasikilizana, na mwaka huohuo maelezo rasmi yakatolewa. Lugha yenyewe ni ya mwendo wa polepole kwa viwango vya leo: biti 31,250 kwa sekunde, na kwa kuwa kila baiti hubebwa na biti 10, waya mmoja hupitisha baiti 3,125 kwa sekunde. Ndani ya mkondo huo, saa ni baiti moja tu, namba 248, inayotumwa mara 24 kwa kila pigo la muziki. Baiti 250 husema anza, 251 husema endelea ulipoishia, 252 husema simama. Hayo ndiyo ya msingi.

Angalia kisichokuwamo. Hakuna namba ya kasi inayosafiri katika waya. Kiongozi hatamki kwamba mwendo ni mapigo 120 kwa dakika. Anatuma ishara zake tu, kama mtu anayepiga makofi bila kuhesabu kwa sauti, na mfuasi hupima nafasi kati ya ishara moja na nyingine. Kwa mapigo 120 nafasi hiyo ni karibu milisekunde 21. Kwa mapigo 200 ni milisekunde 12 na nusu. Ishara zikisogeleana, mfuasi huongeza kasi. Zikiachana, hupunguza. Ishara hizo pia hazisemi ubeti unaanzia wapi wala pigo limegawanywa kwa ngapi. Kwa hiyo dhana kwamba saa ya MIDI ni rula ya chuma inayolazimisha muziki wote unyooke haitoki katika mfumo. Inatoka kwa kiongozi tuliyemzoea, yaani kompyuta iliyoandikiwa 120 na kuachwa hapo mpaka wimbo uishe.

Namba 24 yenyewe inastahili kutazamwa kwa makini, maana ndani yake mna habari njema kwa muziki wetu. Inagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4, kwa 6 na kwa 8. Ngoma nyingi za Afrika Mashariki huishi katika mvutano wa tatu dhidi ya mbili: mkono mmoja unagawa pigo sehemu tatu, njuga au makofi yanaligawa mbili, na mchezaji anaweza kufuata upande wowote. Kwa saa ya MIDI, theluthi ya pigo ni ishara 8 kamili na nusu yake ni ishara 12 kamili. Zote mbili zinaangukia juu ya ishara, bila baki na bila kukadiria. Kinachowakwaza watu ni gridi iliyochorwa juu ya saa hiyo, zile hatua 16 ambazo sampla nyingi humwekea mtumiaji pindi anapoiwasha. Hatua moja ya gridi hiyo ni ishara 6, na ishara 8 haziwezi kukaa juu ya vipande vya 6. Mtu akirekodi mdundo wa kugawa kwa tatu huku sampla imewekwa kusahihisha kila pigo kwenda hatua ya karibu, anachopata ni ngoma iliyovunjwa mgongo, na huwa mwepesi kusema kwamba MIDI haiwezi muziki wa Kiafrika. Dawa iko kwenye mpangilio wa ndani: geuza mgawanyo uwe wa tatu kwa pigo, hatua 12 kwa ubeti wa mapigo manne, au zima kabisa usahihishaji.

Kuzima huko si ushauri wa kubahatisha. Sampla ya MPC60 iliyobuniwa na Roger Linn na kutolewa na Akai mwaka 1988 ilihesabu nafasi 96 ndani ya kila pigo, mara nne ya saa ya MIDI, na matoleo ya sasa ya MPC yanahesabu 960. Sampla hupokea ishara 24 kutoka nje na yenyewe hujaza nafasi ndogo zilizo katikati. Maana yake, pigo la mkono lililotua kabla kidogo au baada kidogo ya ishara huhifadhiwa pale lilipotua. J Dilla wa Detroit alijenga jina lake juu ya uwezo huo, akipiga vitufe vya MPC3000 kwa mkono na kuacha mapigo yake yakae nje ya mstari, na mashine yake leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la historia ya Wamarekani weusi huko Washington. Ikiwa Detroit ilipata ndani ya mashine hizi nafasi ya kupumua, Bungoma haina sababu ya kuikosa.

Sasa, ngoma inakuwaje saa? Njia ya chini kabisa ni kidole: sampla nyingi zina kitufe cha kugongea mwendo, na mtu mmoja anaweza kukigonga akimsikiliza mpigaji mkuu. Inafaa kwa kuanzia wimbo, lakini mwendo ukibadilika katikati kidole hicho kitalazimika kufanya kazi bila kupumzika. Njia bora zaidi ni kuipa kompyuta masikio. Mwaka 2021 programu ya Ableton Live, katika toleo lake la 11, iliongezewa uwezo wa kufuata mwendo: unabandika kipaza sauti kidogo cha kugusa kwenye ubavu wa ngoma moja, sauti yake inaingia kwenye kompyuta, programu inakadiria mapigo na kubadilisha kasi yake papo hapo, kisha inatuma saa ya MIDI kwa sampla. Ngoma inaongoza kompyuta, kompyuta inaongoza sampla. Kwenye sampla unaweka chanzo cha mwendo kuwa cha nje, unataja tundu moja tu litakalosikilizwa, ama la waya wa MIDI wa pini tano ama la USB, unaruhusu amri za kuanza na kusimama zipokewe, na unazima utumaji wa saa kutoka sampla yenyewe. Jambo hili la mwisho husahaulika, na likisahaulika mashine mbili zinaweza kurudishiana saa ileile, mwendo ukawa unaruka bila sababu inayoonekana.

Uchaguzi wa ngoma ya kubandikwa kipaza unahitaji akili ya mwanamuziki kuliko ya fundi. Kengele au njuga inayorudia mdundo wake bila kubadilika ni saa nzuri kuliko ngoma kubwa inayozungumza, kwa sababu kompyuta hukadiria kwa kutegemea marudio, na ngoma inayosema maneno mapya kila mara itaipoteza. Pia si kila sampla hufuata saa inayopanda kwa ulaini uleule. Baadhi hupiga wastani wa ishara nyingi na kuchelewa kuitikia. Kipimo ni rahisi: kabla ya kununua au kukodi, tuma saa ipande kutoka mapigo 110 hadi 130 ndani ya beti nne usikilize kama mashine inapanda pamoja nayo au inajikwaa.

Tatizo zito zaidi limo katika sauti zenyewe. Tuseme umenasa beti nne za kadodi na kuziweka kama kipande kimoja kinachozunguka. Mwendo wa nje ukipanda, sampla ina mambo mawili ya kufanya: iache kipande kicheze kwa kasi yake ya awali na kuachwa nyuma na ngoma hai, au ikibane kwa hesabu ili kienee katika muda mfupi. Kukibana kunahifadhi urefu lakini kunapaka matope ncha ya kila pigo, na uhai wa ngoma uko hasa kwenye ncha hiyo, pale kiganja kinapokutana na ngozi. Njia ninayoipendelea ni ya tatu, ingawa inadai subira: kata kipande hicho pigo kwa pigo, kila pigo liwe na noti yake ya MIDI, kisha mfuatano wa noti ndio ucheze kwa saa. Mwendo ukipanda, noti zinasogeleana na kila pigo linabaki na sauti yake kamili. Hakuna kinachobanwa. Wapigaji wa hip-hop wa miaka ya 1990 walikata sauti hivi kwa sababu nyingine. Kwetu ndiyo namna ya kuifanya sampla iwe mwanachama wa kundi badala ya kuwa kanda inayozunguka nyuma ya kundi.

Kuna mapingamizi yenye uzito, na la kwanza linatoka karibu. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, Otim Alpha na Leo Palayeng waliubeba muziki wa harusi wa Waacholi wakauingiza kwenye kompyuta. Kazi zao zilikusanywa mwaka 2017 katika albamu ya Gulu City Anthems. Dar es Salaam ilizaa singeli, inayokimbia kupita mapigo 200 kwa dakika kutoka studio ndogo kama ya Sisso. Katika miziki hii miwili mashine ndiyo saa, haiyumbi hata kidogo, na watu wanacheza kwa furaha isiyohitaji kutetewa. Kwa nini basi kuihurumia ngoma? Nakubali ushahidi huo wote, lakini unajibu swali jingine. Gulu na Dar mashine ilichukua nafasi ya kundi zima la wapigaji, na mwimbaji akapanda juu ya mwendo uliokwisha kutengenezwa. Mahali ambapo wapigaji hawapo, hakuna mtu wa kufuatwa. Ninalozungumzia ni pale ambapo wapigaji wapo uwanjani, na hapo mfano wa karibu zaidi ni Nihiloxica, kundi lililozaliwa Kampala mwaka 2017, ambalo liliweka sintesaiza kando ya ngoma za Kiganda zinazopigwa kwa mikono na kuziacha ngoma zibebe uzito wa wimbo.

Wengine watasema wapigaji wafundishwe kupiga kwa kusikiliza mlio wa saa katika spika ya masikioni, kama wafanyavyo wanamuziki wa kanisani na wa studio. Inawezekana, na vijana wengi wataimudu kwa wiki chache. Ila tuone gharama yake. Katika isukuti ya Waisukha na Waidakho, majirani wa Kakamega, ngoma huenda tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, na mwimbaji kiongozi ndiye anayeendesha mchezo, maneno yake yakienda sambamba na ngoma na hatua za wachezaji. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na nadhani hatari hiyo haimo katika kupotea kwa ngozi na mbao tu. Uhusiano wa kiongozi na uwanja wake ndio mchezo wenyewe: anaona wachezaji wamepamba moto, anapandisha, anaona wamechoka, anashusha. Mlio wa saa masikioni humnyang'anya kiongozi uamuzi huo na kuukabidhi kwa namba iliyoandikwa mchana kabla watu hawajafika.

Pingamizi la redio na la dijei ni la haki zaidi. Wimbo unaotaka kupigwa Sulwe FM au West FM ya Bungoma, na ambao dijei wa Kitale ataukutanisha na wimbo mwingine, hurahisishwa na mwendo usiobadilika. Pia anayerekodi leo ngoma na kesho gita anahitaji kujua pigo la kesho litue wapi. Lakini kompyuta iliyofuata ngoma inaweza kuandika ramani ya mwendo huo, kila kupanda na kila kushuka, na siku ya gita saa inayotumwa ni ileile iliyoyumba, pamoja na sampla iliyoyumba nayo. Kwa dijei unaweza kutoa toleo la pili lililonyooshwa. Kuunyoosha mwendo baada ya kurekodi ni kazi ya saa moja. Kuurudishia uhai ambao haukurekodiwa haiwezekani.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la mtu anayesema saa haihitajiki kabisa: mpe kijana mwenye mkono mzuri sampla apige vitufe vyake kama mpigaji wa nne, afuate kwa masikio. Kwa sehemu kubwa ya kazi yuko sahihi, na kikundi chenye fedha kidogo kianzie hapo. Saa inahitajika pale tu mashine inapofanya jambo ambalo mkono hauwezi: mwangwi unaorudi kwa theluthi kamili ya pigo, besi ya sintesaiza inayojirudia, mashine mbili zinazopaswa kukutana, au mapigo ya mzee aliyenaswa zamani na ambaye hawezi tena kuja uwanjani. Kwa mambo hayo sikio la kijana halitoshi, na mashine iliyoachwa ishike mwendo wake itawavuta wapigaji wote kuufuata.

Wapo wanaohofia kuchelewa na kuyumba kwa ishara. Hesabu inawatuliza. Amri ya noti ina baiti tatu, na hutumia chini kidogo ya milisekunde moja kupita katika waya. Ishara za saa zimepewa ruhusa ya kupenya katikati ya amri nyingine, kwa hiyo hazikai foleni ndefu. Linganisha na hewa. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, hivyo mpigaji aliyesimama mita kumi kutoka kwenye spika husikia sampla milisekunde 29 baada ya kutoka. Katika uwanja wa wazi, mahali pa kuweka spika ni jambo kubwa mara nyingi kuliko aina ya waya. Spika moja ndogo iwe miguuni pa wapigaji, kubwa zielekee kwa watu. Na waya wa pini tano ubaki kuwa chaguo la kwanza popote umeme unapotoka kwenye jenereta au betri ya gari, kwa kuwa kwenye upande wa kupokea ishara huvuka kwa mwanga ndani ya kiungo kidogo na hakuna njia ya umeme kati ya mashine mbili. USB haina kizuizi hicho, na mvumo unaosikika kwenye spika laptopu inapochajiwa mara nyingi umepita humo.

Upande wa kuendesha sauti, nje ya mwendo, shida ya litungu inatangulia. Nyuzi zake, saba au nane, hupangwa kwa sikio la mwenye chombo, na MIDI ina noti 128 ambazo kinanda huzipanga kwa nusu toni za Ulaya. Anayenasa uzi mmoja na kuusambaza kwenye kinanda chote anapata litungu la kigeni. Nasa kila uzi peke yake, uupe noti yake, na uzuie sampla isibadilishe kimo. Mpangilio wa mzee utabaki kama alivyoukaza. Chaneli ziko 16, basi litungu lipewe moja, ngoma zilizokatwa zipewe nyingine, mara nyingi ya 10 kwa desturi ya General MIDI ya mwaka 1991, na nyimbo za tohara, zenye wakati wake na watu wake, ziachwe nje ya mashine mpaka wenyewe waseme zinaweza kuingia. Vidhibiti vichache vinatosha: namba 7 kwa ukubwa wa sauti, namba 74 kwa ung'avu wake. Kanyagio linalotuma amri za kusimama na kuanza liwekwe mguuni pa kiongozi wa ngoma badala ya kwenye meza ya fundi, na lipangwe litume amri ya kuanza, namba 250, badala ya ile ya kuendelea, ili kiongozi anapokatiza ngoma aseme maneno kisha akairudisha, sampla iingie naye mwanzoni mwa ubeti alioutaka yeye.